Mara Ngapi, Mzee?

Mara ya kwanza kompyuta iligoma kwenye asilimia thelathini na nane. Mara ya pili ikafika hamsini na moja, mume akaanza kupiga mluzi, kisha kioo kizima kikageuka buluu na kujaa maneno meupe yasiyo na huruma. Akabonyeza kitufe, kompyuta ikalia tii, akaanza upya.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa mashine za kufuma nguo, na mashine za kufuma zina tabia moja: ikigoma unaizima, unaigonga kidogo ubavuni, unaiwasha. Ikigoma tena unarudia, mpaka uzi ushike. Kiwanda kilipofungwa hakuna aliyemwambia kwamba si kila kitu kinachowaka ni mashine ya kufuma. Mtaani walimwita Injinia, na mwenyewe alikuwa bado hajagundua kwamba nusu yao walikuwa wanamtania.

"Hicho kidude kinalia sana leo," alisema mama yake kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. Macho ya bibi huyo yalikuwa yamefifia siku nyingi, lakini masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya mtu yeyote katika nyumba ile.

"Ninakitengeneza, mama."

"Kilikuwa kibovu?"

"Kilikuwa kizito."

"Hata mimi ni mzito. Tafadhali usinitengeneze."

Mume hakucheka. Kioo kilikuwa kinamwomba tena achague mahali pa kuweka mfumo mpya, na kilimwonya tena kwamba kila kilichopo hapo kitafutwa. Akakubali, kama alivyokubali mara zilizotangulia. Kwani wasiwasi wa nini, wakati kila kitu cha mkewe kilikuwa salama kwenye flashi, na flashi ilikuwa mfukoni mwake?

Kompyuta ilikuwa ya mkewe. Ilikaa chumba cha mbele, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha plastiki, na ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Mkewe alichapa mitihani ya shule nne za msingi. Kazi hiyo hakupewa kwa wepesi wa vidole vyake, maana wachapaji wepesi wamejaa kila kona. Alipewa kwa sababu ya mdomo wake uliofungwa na kwa sababu ya debe lake la bati. Walimu walimletea maswali yakiwa yameandikwa kwa mkono, ndani ya bahasha zilizofungwa. Akishayachapa, karatasi zile alizichoma ndani ya debe uani, mwalimu mkuu akiwa amesimama pembeni anatazama mpaka majivu yapoe. Kuanzia hapo mtihani ulibaki mahali pamoja tu duniani. Hakuna flashi, hakuna simu, wala kompyuta haikuunganishwa na mtandao. Mume wa mchapaji aliyekuwa mtaa wa pili aliwahi kuweka mtihani kwenye flashi, ukaonekana mikononi mwa watoto kabla ya siku yake, na mchapaji yule sasa anauza sabuni. Si kwamba sabuni ni kazi mbaya, lakini hakuichagua.

Mume alikuwa na nafasi yake katika kazi hiyo, na aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji. Walimu wana miandiko ya ajabu, na mke alichoka kugeuza shingo kati ya karatasi na kioo, kwa hiyo mume alikaa kwenye stuli na kusoma kwa sauti, mke akachapa macho yakiwa kwenye kioo tu. Hakuwahi kuinuka kuangalia. Alichosikia ndicho alichochapa.

Mwezi uliopita mume alinunua kipande cha memori cha mitumba, akakipachika mwenyewe ndani ya kompyuta ili iwe nyepesi. Mke alimsifu. Kwa bahati mbaya, kompyuta ikaanza kuganda ovyo, na mke, asiyetaka kumvunja moyo, akawa anasema ni uzee wa mashine. Kisha Jumanne dada yake akafanyiwa upasuaji, akaenda kumwuguza siku mbili. Mitihani yote minne ilikuwa imekamilika na karatasi zake zimeshakuwa majivu. Ijumaa mchana walimu wakuu wangekuja kuichapisha na kuichukua. Jumatatu watoto wangekaa kuifanya.

Mume akaona hapo ndipo pa kumfurahisha. Atarudi akute kompyuta ina mfumo mpya, inawaka kabla hajavuta kiti. Mtu aliyekaa nyumbani miaka mitatu akilishwa na mkewe anahitaji sana kumfurahisha, na hitaji la namna hiyo halina akili.

*

Mke alirudi Alhamisi asubuhi na mapema, miguu imevimba kwa benchi la hospitali. Alimsalimia mama mkwe wake, akaulizwa hali ya mgonjwa, akajibu, na alipokuwa bado anavua viatu akaona kioo cha buluu.

"Nini hicho?"

"Kaa kwanza," mume alisema. "Nilikuwa naiwekea mfumo mpya. Imenisumbua kidogo. Lakini usiwe na wasiwasi, mitihani yote ninayo." Akatoa flashi mfukoni, akaishika juu.

Mke hakukaa. "Umeweka mitihani ya watu kwenye flashi?"

"Kwa usalama."

"Nimekwambia mara ngapi? Flashi! Umetembea nayo mfukoni! Ulienda nayo dukani?"

"Sikwenda popote."

"Hata msalani?"

"Mke wangu, flashi haina mdomo."

Mke alikasirika kwelikweli. Lakini katikati ya hasira hiyo kulikuwa na nafuu, na aliionea aibu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo alikuwa anashukuru kwamba sheria yake imevunjwa. Akaichukua flashi bila kusema neno tena, akatoka nayo kwenda kumtafuta fundi ambaye angekubali kuja nyumbani. Kompyuta yenyewe haikuweza kubebwa hadi dukani kwa mtu, kwa sababu zile zile za sabuni.

*

Fundi aliyepatikana alikuwa msichana mwenye mkoba mgongoni na bisibisi nyuma ya sikio. Mume alipomwona mlangoni alichungulia nyuma yake, akidhani fundi mwenyewe anakuja.

"Shikamoo mzee. Shikamoo bibi."

"Marahaba," bibi aliitikia. "Sauti yako imeshiba. Umekula kwenu."

Msichana alicheka, akaweka kompyuta yake ya mkononi mezani, akachomeka flashi. Mke alisimama nyuma yake amekunja mikono. Mume alibaki karibu na pazia, mkao wa mtu anayesubiri kupongezwa.

Kwenye flashi kulikuwa na alama nne, kila moja na jina la shule. Msichana akabofya ya kwanza. Kikatokea kisanduku kidogo kusema kwamba kinachotafutwa hakipo. Akabofya ya pili. Ya tatu. Ya nne hakuibofya kwa haraka. Alimgeukia mume kwanza.

"Mzee, wakati wa kunakili, ilichukua muda gani?"

"Muda? Hata sekunde moja. Fyu!"

"Ulizitoa kwenye folda zenyewe, au ulizichukua hizi alama za pale mbele, kwenye kioo?"

"Za pale mbele. Si ndizo?"

Msichana akakuna shingo kwa bisibisi. Alikuwa na adabu, na alitafuta njia ya kulisema. "Zile za mbele ni vibao tu, mzee. Kama kibao cha njiani, kinakuonyesha nyumba iko wapi. Umebeba vibao. Nyumba zilibaki ndani."

Mke alivuta kiti chake cha kuchapia na kukaa juu yake kama mtu aliyesukumwa.

"Na ndani kumefutwa," mke alisema.

"Kumefutwa, mama, lakini kufuta si kutoweka palepale." Msichana akavuta stuli ya mume, akaikalia bila kujua ni ya nani. "Nitaitoa diski niiunganishe hapa kwangu. Kila kitakachopatikana kitaingia kwenye diski nyingine itakayobaki kwako, na kwangu utafuta wewe mwenyewe kabla sijaondoka. Sawa? Ila nahitaji kujua jambo moja. Mzee, uliifuta na kujaribu kuweka mfumo mara ngapi?"

Mume alilinyoosha pazia lililokuwa limenyooka.

"Ninauliza kwa sababu njia ni mbili. Kama ni mara moja, orodha ya mafaili huenda bado ipo. Naifuata, vitu vinarudi na majina yake, na kwa diski kuukuu kama hii tutamaliza kwenye saa tisa. Kama ni mara nyingi, kila mara umeandika juu ya vitu vile vile. Hapo itabidi kuchambua diski nzima kipande kwa kipande, hadi Jumamosi, na kitakachotoka ni makombo. Kama ni hivyo, ningekushauri, mama, usisubiri. Wapigie simu walimu sasa hivi, wako shuleni wote, waanze kuandika upya."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu. Mke alimgeukia mumewe. Uso wake haukuwa na lawama, na hilo ndilo lililommaliza. Ungekuwa na lawama pengine angesema kweli.

"Mara moja," alisema.

Kwenye kiti cha dirishani bibi alikohoa.

"Una uhakika, mzee? Maana tukianza na hii njia ndiyo siku imekwenda."

"Binti yangu," mke alidakia, "mume wangu ana kiherehere, hilo sikatai. Lakini hasemi uongo. Anza."

*

Mume alitoka uani. Alijifanya kuanua nguo zilizokuwa bado mbichi. Alizishika moja moja, akazipindua, akazirudishia vibanio. Baada ya muda alisikia mkongojo wa mama yake ukigonga sakafu, akaenda kumshika mkono na kumkalisha juu ya debe la bati lililopinduliwa, lile lile la kuchomea karatasi.

"Mimi nilisikia kikilia mara tisa," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Jana asubuhi mara nne. Baada ya chakula mara tano. Ile ya mwisho ulikipiga kofi."

"Mama, tafadhali usiseme."

"Nitasema nini? Nani ameniuliza?" Akanyoosha mguu wake taratibu. "Ulipokuwa mdogo ulivunja bakuli ukalifukia shambani. Ukawa unakwenda kila siku kuangalia kama bado limefukiwa. Ndivyo nilivyojua lilipo."

"Huenda zikapatikana."

"Huenda."

"Zikipatikana, kuna haja gani ya kumwumiza?"

Bibi hakujibu. Mwanaye akamtazama akitumaini kwamba kimya hicho ni ruhusa, ingawa alijua fika kwamba si ruhusa. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mkewe akimwambia fundi habari za dada yake na upasuaji, kwa uchangamfu, kama mtu ambaye ameshatua mzigo. Alikuwa anacheka. Saa nne ikapita, na saa tano. Mara tatu alifika hadi kwenye mlango wa nyuma, akashika komeo, na mara tatu akarudi kwenye kamba ya nguo. Mkewe alikuwa amemtetea mbele ya mgeni. Angeanzia wapi?

Saa nane na robo walisikia kelele za watoto barabarani. Shule zilikuwa zimefunga kwa siku hiyo, na walimu walikuwa wanatawanyika.

*

Saa tisa msichana aliita. Alikuwa ameifungua kompyuta ubavu na kuchomoa kipande cha memori, akawa anakigeuza geuza mwangani.

"Ugonjwa wa mashine ni huu," alisema. "Iligoma wapi, mzee? Mahali pamoja?"

"Hapana, inabadilika. Thelathini na nane, mara hamsini na moja, ile nyingine ikafika sitini na..." Akajisikia mwenyewe, akanyamaza.

Msichana hakuonyesha kama amesikia; labda hakusikia, au alikuwa na huruma. "Ikigoma mahali tofauti tofauti mara nyingi ni memori. Nimekitoa hiki, nimeijaribu, inakwenda bila kuganda. Nani alikiweka?"

"Mimi," mume alisema.

"Basi. Ila kwenye diski..." Akaigeuza kompyuta yake ili mke aone. "Hapa sielewi. Kama ni mara moja, orodha ingekuwepo, na haipo. Nimepata kadi mbili za mialiko ya harusi na nusu ukurasa wa sayansi. Nusu, unaona? Imekatika katikati ya swali. Mzee, samahani, narudia kuuliza si kwa ubaya."

"Amekwishasema ni mara moja," mke alimkatiza. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Unataka aape? Kama umeshindwa, sema umeshindwa. Nimekuamini, nimekuketisha kwangu tangu asubuhi, halafu unamrushia lawama mume wangu?"

Msichana akainamisha kichwa. Akaanza kukunja waya zake taratibu, na masikio yake yalikuwa yamewaka.

Mume alimtazama binti huyo wa watu akikunja waya. Alikuwa wa rika la kitindamimba wao, na angeondoka na aibu isiyo yake, aiambie nani?

"Mara tisa," alisema.

Mke hakugeuka.

"Nilijaribu mara tisa. Jana kutwa. Nilidhani itashika."

Msichana aliacha waya ulipokuwa. Mke aliinuka, akaiangalia saa ya ukutani kwa muda mrefu, akahesabu kwa midomo bila sauti, saa tatu na nusu hadi saa tisa. Kisha akamgeukia msichana, si mumewe.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekufokea bure."

"Si kitu, mama."

"Ni kitu. Acha hiyo diski iendelee na hiyo njia ya pili, hata kama ni makombo." Akachukua simu mezani. Mume alinyoosha mkono.

"Nipe niwaambie mimi."

"Wewe?" Alimtazama sasa. Macho yake yalikuwa makavu. "Mitihani inaandikwa upya. Walimu watanuna, watanitukana kimoyomoyo, wataandika. Hilo halinisumbui sana. Lakini nimesimama mbele ya mtoto wa watu nikasema husemi uongo. Nilisema kwa kifua. Na wewe ukaenda zako uani."

Akaingia chumbani na simu, akafunga mlango. Walisikia kila alichosema, kwa maana mlango ule ulikuwa mwembamba. Walimu wakuu watatu walilalamika na kukubali. Wa nne, wa shule kubwa kuliko zote, aliyekuwa wa kwanza kumpa kazi, hakukubali upesi. Kisha akauliza jambo ambalo hawakulisikia, ila jibu walilisikia.

"Asubuhi, mwalimu. Nilijua tangu asubuhi kwamba imefutwa." Kimya. "Najua. Najua walimu wote walikuwa kwenye kikao asubuhi." Kitanda kikalia; alikuwa ameketi. "Hapana, sikulaumu. Mpe huyo mwingine kazi, naye ni mchapaji mzuri."

Alipotoka alikwenda moja kwa moja jikoni kumpakulia fundi chakula. Hakumtaja mumewe kwa mwalimu yeyote kati ya wale wanne. Mume alitamani angemtaja.

*

Jumamosi asubuhi bahasha tatu zilikuwa mezani, juu ya kitambaa cha plastiki. Kompyuta ilikuwa na mfumo mpya, ikawaka upesi kama mume alivyoota, na hakuna aliyelisemea hilo. Diski ilikuwa imetoa makombo kweli: vipande kumi na vitatu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa mtihani kamili. Kipande cha memori kilikuwa kwenye sosa juu ya kabati. Mume hakuwa na ujasiri wa kukitupa.

Siku mbili hizo mke aliongea naye ya lazima tu. Maji yamechemka. Mama anataka shuka. Mume alifagia uani ambako hakukuwa na taka.

Kazi ya siku tatu ilikuwa inataka kufanywa kwa siku moja na nusu, na mwalimu wa hesabu alikuwa ameandika kwa hasira, herufi zimelala kifudifudi. Mke alijaribu peke yake kwa ukurasa mmoja, shingo ikigeuka huku na huku. Akasimama, akajinyoosha mgongo. Kisha, bila kuangalia pembeni, akaivuta stuli kwa mguu na kuiweka mahali pake pa siku zote.

Mume alikaa haraka. Alichukua karatasi kwa mikono miwili. Kutoka dirishani bibi alijigeuza kidogo ili asikie vizuri.

"Swali la kumi na moja," mume alisoma. "Fundi cherehani ana vitambaa themanini na saba. Kila gauni..."

Vidole vya mke vilisimama juu ya vitufe.

"Vingapi?"

"Themanini na saba."

Mke aliinuka. Akazunguka kiti, akainama juu ya bega la mumewe hadi mume akausikia ubaridi wa hereni yake shavuni, mke akaweka kidole chini ya namba ile na kuisoma mwenyewe. Themanini na saba. Akarudi akakaa, akachapa.

"Endelea."

Mume alisoma mstari uliofuata. Ulikuwa na namba tatu. Mke aliinuka mara tatu. Hakuwa akifanya kwa kukomoa, na mume aliliona hilo. Alikuwa anafanya kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika, anakanyaga kidogo, unauma, anarudi. Ukurasa mmoja ulichukua nusu saa nzima.

"Swali la ishirini na moja," mume alisoma, kisha akanyamaza kabla ya namba. Akaigeuza karatasi, akaiinua usawa wa macho ya mkewe, na akaishikilia hivyo ili aisome mwenyewe bila kuinuka.